Muziki wa gemu ukififia vibaya, tafuta kwanza ni nani anayeishika sauti

Wewe unayeanza kazi ya sauti za gemu hapa Nairobi, jiandae: malalamiko ya muziki yatakufikia mapema. Mchezaji atasema wimbo wa pili unasikika kwa mbali, au kwamba baada ya kucheza kwa muda muziki umepotea kabisa. Usikimbilie kubadilisha faili za nyimbo. Hesabu kwanza ni sehemu ngapi za msimbo zinazoandika kiwango cha sauti.

Mara nyingi utakuta tatu: menyu ya mipangilio, pleilisti, na ile inayofifisha, yaani inayoshusha au kupandisha sauti polepole. Zote zinagombania namba moja. Tuseme mchezaji ameweka 0.8. Wimbo unaanza kufifia, unafika 0.3, naye anaruka kwenda wimbo unaofuata. Msimbo unasoma 0.3 na kudhani hicho ndicho kiwango chake cha kawaida, kwa hiyo wimbo mpya unapanda hadi 0.3 na kuishia hapo. Akiruka tena katikati, sauti inazidi kushuka.

Dawa ni kutenganisha. Kiwango alichochagua mchezaji kiwe na namba yake, wimbo uwe na yake, na kufifia kuwe na yake, kati ya 0 na 1. Zizidishe pamoja mahali pamoja tu, na sehemu nyingine yoyote isiguse spika. Naling'ang'ania hili kuliko mengine yote kwa sababu ukishalifanya, hitilafu nyingi zinajitokeza zenyewe. Amri mpya ya kufifisha ikija kabla ya ile ya kwanza kuisha, simamisha ya kwanza na uendelee kutoka namba ilipofikia. Ukiirudisha kwenye 1 kwa ghafla, mchezaji atasikia "tak!" masikioni.

Halafu kuna desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Katika injini za kutengenezea gemu, miksa ya Unity na vicheza sauti vya Godot hupimwa kwa desibeli, na kuzidisha kwa nusu ni kushuka kwa takriban desibeli 6. Ukishuka kwa mwendo sawa kutoka 0 hadi -80, ukifika katikati uko -40, na kwenye simu muziki umeshapotea. Mchezaji ataona umekatika mapema. Fifisha kwa namba ya 0 hadi 1, kisha ugeuze: 20 mara logi ya namba hiyo, kwa kizio cha 10. Logi ya sifuri haipo, basi ikomee 0.0001, ambayo ni -80.

Nyimbo mbili zikipishana, zote zikiwa 0.5 pale katikati, utasikia shimo la kama desibeli 3. Tumia saini na kosaini za hesabu (sine na cosine), moja kwa wimbo unaoingia na nyingine kwa unaotoka, ili pale katikati kila moja ipite kwenye 0.707.

Usipunguze 0.01 kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu inayochorwa kwenye skrini. Kwenye kompyuta ya fremu 60 kwa sekunde, kufifia kunachukua sekunde 1.7, kwenye simu ya bei nafuu ya madukani Luthuli Avenue inayotoa fremu 30, ni 3.3. Hesabu kwa muda uliopita, tena muda halisi, kwa sababu muda wa gemu ukisimamishwa muziki nao unaganda nusu njia.

Ukimaliza, onyesha zile namba tatu kwenye skrini, bonyeza kitufe cha wimbo unaofuata harakaharaka, kisha simamisha gemu katikati ya kufifia. Namba ya mchezaji ikisogea hata kidogo, bado kuna mtu anaiandika mahali pengine.