Asta za ukingo wa msitu: anzeni chini

Wadogo zangu, juzi nimefungua presi mliyoileta, kile kibanio cha kukaushia asta zetu, maua ya mwituni yenye miale kuzunguka kitovu, moyo ukanidunda. Vichwa vya maua vitupu, vimekatwa shingoni!

1. Kateni shina kuanzia ardhini, majani ya chini yakiwemo. Mimea ikiwa michache, ipigeni picha, majani ya chini yakiwemo, muiache. Msimu wangu wa kwanza, mashariki mwa Marekani, Septemba nzima nilikata sehemu zilizochanua tu, maana ndizo zilizonivutia. Sampuli 31, lebo safi. Zenye maua ya buluu hafifu nikaziandika zote Symphyotrichum cordifolium, mojawapo ya spishi za asta. Mkuu wangu akaweka ya kwanza chini ya lenzi, akakaa kimya, kisha akauliza: “Majani ya chini yako wapi?” Sikuwa na hata moja. Jani la chini la cordifolium lina umbo la moyo na kikonyo chembamba. La ndugu yake, Symphyotrichum undulatum, nalo linaweza kuwa na umbo la moyo, ila vikonyo vyake hutanuka pale vinapokutana na shina, vikalikumbatia. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, nami nilikuwa nimekiacha nyasini. Oktoba nikarudi mbio. Mashine ya kufyeka ilishapita, ukingo mzima umebaki visiki vya vidole viwili. Zile 31 hadi leo zimeandikwa “Symphyotrichum sp.”, yaani spishi haijajulikana, kwa mwandiko wangu, na kila nikifungua kabati nakutana nazo.

2. Erigeron, ua linalofanana nayo, si asta. Magamba ya kikombe chake, yale majani madogo chini ya ua, karibu yote yana urefu mmoja. Ya asta nyingi yamepandana kama vigae.

3. Rangi ya kitovu haitoshi. Wawili wenu mmebishana hadi chakula kikapoa kwamba Symphyotrichum lateriflorum yenye vitovu vya manjano na vya zambarau ni spishi mbili zilizosongamana. Ni mmea mmoja, wapendwa: kitovu huanza manjano, kikikomaa huiva kuwa chekundu au zambarau. Geuzeni jani, mtaona vinyweleo vimejipanga kwenye mshipa wa kati.

4. Mwaka 1994 mtaalamu wa mimea Guy Nesom alizitoa asta nyingi za Amerika Kaskazini kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Aster. Kwa hiyo Aster divaricatus ya vitabu vya zamani ndiyo Eurybia divaricata: miale myeupe michache, shina la kupindapinda, hupenda kivuli.

Kesho alfajiri tunarudi kwenye ukingo uleule. Kila mtu na mkasi wake na magazeti ya kutosha shina zima. Wafyekaji wanakuja Ijumaa.