Jamaa wa Kerala wanabishania nini?

SWALI: Dada habari, niko Muscat, kazini tumejaa Wahindi wa Kerala na kila mapumziko ni LDF na UDF tu, sielewi kitu, hebu nifafanulie. – Msomaji, Muscat

JIBU: Nzuri kaka! Hao wanaongelea uchaguzi wa bunge la jimbo lao la Kerala, kusini mwa India, wa 2026, viti 140, ukipata 71 unaunda serikali. LDF ni muungano wa kushoto, unaongozwa na wakomunisti wa chama cha CPI(M), UDF unaongozwa na chama cha Congress na ndani yake wamo Muslim League, chama cha Waislamu. Zamani walikuwa wanapokezana kila miaka 5, sasa 2021 LDF chini ya kiongozi wake Pinarayi Vijayan ikavunja mwiko ikarudi na viti 99, UDF 41, BJP, chama cha Waziri Mkuu wa India Modi, hakikuambulia hata kimoja, ndo maana kwa uchaguzi wa 2026 swali kubwa likawa, je wakomunisti watachukua mara ya 3 mfululizo? Na cha ajabu, kwenye siasa za kitaifa Congress na CPI(M) wako kambi moja dhidi ya BJP.

Kinachoniuma mimi ni hao wenzako, kupiga kura lazima wapande ndege warudi kituoni kwao, na tiketi unazijua bei yake. Hiyo si haki kabisa.