Kutenga mkuza mapema: mstari kwenye ramani hautoshi

Swali lililoulizwa ni kama kuna haja ya kutenga leo ardhi ya barabara au reli ambayo huenda isijengwe hadi kizazi kijacho. Kwa miaka niliyofanya kazi ya upimaji na uandaaji wa michoro ya mikuza, yaani vipande virefu vya ardhi vinavyotengwa kwa ajili ya barabara au reli, jibu langu ni kwamba haja ipo, ila mstari wa kwenye ramani peke yake haulindi chochote.

Barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Dulles, nje ya Washington, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na katikati yake ikaachwa nafasi ya reli. Treni zilianza kupita humo mwaka 2014. Njia ya reli ya Waverley huko Uskoti ilifungwa mwaka 1969 bila ulinzi wa namna hiyo, na sehemu yake ya kaskazini ilipofufuliwa mwaka 2015, barabara ya mzunguko ya Edinburgh ilikuwa imekwisha kuikata, ikabidi reli ipindishwe.

Hata hivyo, malalamiko ya wenye viwanja si ya kupuuzwa. Jimbo la North Carolina lilitunga sheria mwaka 1987 iliyoruhusu kuzuia vibali vya ujenzi ndani ya mikuza iliyosajiliwa, pasipo kuilazimisha serikali kuinunua ardhi hiyo. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba zuio lisilo na ukomo ni sawa na kutwaa mali, hivyo fidia ni wajibu. Kwangu uamuzi ule ulikuwa wa haki, ingawa najua wenzangu wengi wa fani ya mipango ya ardhi hawaupendi.

Fedha za kununua mkuza mzima hazipatikani kamwe kwa mkupuo, kwa hiyo nashauri zianze kutumika pale pasipo na njia mbadala: maingilio ya madaraja, makutano, na milango ya miji, kwa sababu shambani mhandisi anaweza kukwepa lakini kwenye daraja hawezi. Ardhi iliyokwisha kununuliwa isiachwe tupu, maana eneo tupu huvamiwa. Ikodishwe kwa kilimo cha msimu au vitalu vya miche, kwa mkataba ulioandikwa tarehe ya mwisho. Kwa viwanja ambavyo havijanunuliwa, zuio liandikwe kwenye daftari la hati la kila kiwanja, ili mnunuzi mpya alione kabla hajalipa.