Je, kila hitilafu ya umeme ni shoti?

SWALI: Nina pikipiki kubwa ya safari ya miaka ya 1980, natoka nayo Mikindani hadi Lindi na kurudi. Jioni naiacha betri ikiwa nzima, asubuhi stata haizungushi. Nikipita juu ya tuta injini inazima kisha inarudi yenyewe. Indiketa za kushoto nazo zinafifia. Mafundi watatu wameniambia neno moja: "ina shoti." Hilo ni Kiswahili sahihi, na ndilo linalofaa hapa?

JIBU: Neno ni sahihi, ndugu msomaji. Limetoka Kiingereza, likavaa irabu mwishoni kama fyuzi na swichi, na tunasema shoti hii, shoti ya umeme. Lina matumizi mawili: mtu hupigwa shoti, waya hupiga shoti. Tatizo ni kwamba mafundi wako wamelitanua likafunika magonjwa matatu, na kwa dalili ulizoandika hakuna hata mmoja ambao ningeanza kuuita shoti.

Shoti ni umeme kukatisha njia: unarudi kwenye hasi kabla ya kupita kwenye taa au honi. Hakuna cha kuuzuia, mkondo unapanda ghafla, fyuzi inakata. Taa kubwa ya wati 60 kwenye volti 12 inakula ampea 5, na fyuzi ya ampea 10 inaivumilia bila taabu. Waya wa taa hiyo ukichubuka shingoni mwa usukani ukagusa fremu, fyuzi haimalizi sekunde. Kwa hiyo kama fyuzi zako hazikati, shoti iweke kando. Kama zinakata, usiongeze ukubwa wa fyuzi, maana waya ndio utakaoungua badala yake. Chomoa fyuzi, unganisha balbu ya breki ya wati 21 mahali pake, kisha chomoa taa na vifaa vyote vya njia hiyo. Balbu ikiendelea kuwaka sana, shoti ipo. Geuza usukani, tingisha nyaya pole pole. Pale balbu inapozima ghafla ndipo penye mchubuko.

Betri inayokufa usiku ina neno lake: umeme unavuja. Lakini pima kabla hujalitamka. Zima funguo, fungua waya wa hasi, weka mita upande wa ampea 10 kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usiwashe funguo wala kupiga stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Pikipiki ya umri huo isiyo na alamu wala saa inapaswa kusoma karibu na sifuri. Sasa piga hesabu: betri ya ampea 20 kwa saa, ili iishe kwa saa kumi za usiku, lazima ivuje ampea 2 hivi. Hicho ni kiasi kikubwa, huwezi kukikosa. Ukikiona, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Isiposhuka, chomoa soketi ya rektifaya, kile kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji betri, kwa sababu diodi zake, zinazopaswa kupitisha umeme upande mmoja tu, zikifa hurudisha umeme nyuma.

Usipokiona, basi haivuji. Iache betri usiku kucha waya wa hasi ukiwa umefunguliwa. Iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikianguka chini ya 12.2 asubuhi bila kuunganishwa na kitu, betri yenyewe haishiki chaji. Au haichajiwi kabisa: injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, kwenye vichwa vya betri tarajia volti 13.8 hadi 14.5. Ikivuka 15, rektifaya imeshindwa kudhibiti. Ikibaki 12 na kitu, anza na soketi ya zile nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili za magneti, zinazozalisha umeme wa kuchaji. Kwenye Honda Gold Wing GL1200 soketi hiyo inajulikana kwa kuungua, na kuzifikia koili zenyewe kunataka injini ishushwe. Soketi itazame kwanza.

Injini inayozima kwenye tuta: hapo sema waya unakatikakatika. Kiswahili kimetupa zana nzuri. Waya umekatwa, yupo aliyeukata, umekatika, umejikatikia, unakatikakatika, unashika na kuachia. (Wingi wa kamusi ni nyaya: waya umekatika, nyaya zimekatika. Waya hii na waya zimekatika utazisikia kila gereji.) Kaza vichwa vya betri kwanza. Halafu shika nyaya za swichi ya funguo pale zinapopindana na usukani, vuta kila mmoja taratibu. Ule unaonyumbuka kama mpira shaba yake imekatikia ndani, ingawa ngozi ya nje ni nzima.

Na indiketa? Hiyo ni ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia fremu, na upepo wa bahari wa Mikindani unachangia. Chumvi na unyevu vinaila shaba inageuka kijani, umeme unapita kwa shida. Wanafizikia huita ukinzani. Usipime kwa omu, kipimo cha ukinzani huo, kwani hata uzi mmoja wa shaba uliobaki utakupa jibu zuri. Washa indiketa, weka mita upande wa volti, ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye kikombe cha balbu. Balbu inapowaka namba ikipita 0.2, njia ya ethi ina kutu. Fungua, sugua kwa msasa laini hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu.

Neno jingine la kuwa nalo makini ni moto. "Haina moto" kwa fundi mmoja ni plagi haitoi cheche, kwa mwingine ni waya haufikishi umeme. Wa kwanza atafungua plagi na koili, wa pili atashika mita na kufuata waya. Taja kitu chenyewe: "plagi haitoi moto" au "waya wa swichi hauna moto."