Maswali na Majibu: Vijisenti vya Mtandaoni

SWALI: Pokea salamu zangu, mhariri. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mara kwa mara hupokea kwenye simu maswali ya utafiti wa maoni, na nikiyajibu huongezewa muda wa maongezi. Sasa jirani yangu ananihimiza nijiunge na kundi la WhatsApp ambalo mtu hulipa Sh 50,000 za kiingilio, kisha hutazama matangazo kila siku na kulipwa. Anasema ni kitu kilekile. Je, ni kweli?
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Dada yangu, si kitu kilekile, na ukitaka kuyatenganisha mambo hayo mawili anza kwa kuuliza fedha unayolipwa imetoka mfukoni mwa nani. Kampuni za utafiti kama GeoPoll, ambayo huendesha tafiti zake kwa simu katika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, hulipwa na wateja wanaotaka kujua watu wanasikiliza redio gani, wananunua sabuni ipi au wanapataje chakula katika msimu wa njaa. Sehemu ndogo ya malipo hayo hukufikia wewe kama muda wa maongezi. Kiasi ni kidogo, na maswali hayaji kila siku kwa sababu mtafiti huchagua watu kwa umri, jinsia na mahali wanapoishi, lakini hakuna anayekudai chochote ili ujibu.

Katika kundi la jirani yako, fedha ya kwanza kuonekana ni yako. Mwenye bidhaa anayetangaza hulipia tangazo lake litazamwe. Hana sababu ya kumtoza mtazamaji kiingilio. Kwa hiyo malipo ya wale waliotangulia hutokana na viingilio vya wanaofuata, na ndiyo maana kila mwanachama huhimizwa kuleta wenzake. Siku za mwanzo utalipwa kweli, tena bila kuchelewa, na utaonyeshwa picha za miamala ya watu waliofaidika. Baadaye utaambiwa upande daraja kwa kuongeza mtaji, na siku wanachama wapya watakapopungua, kundi litafungwa na namba za viongozi hazitapatikana tena. Tanzania tuliyaona haya mwaka 2009 katika DECI, ambako watu walihimizwa "kupanda mbegu" ili wavune zaidi, na waliokuwa wakiiendesha wakafikishwa mahakamani kwa kosa la kuendesha upatu haramu, ambao Kanuni ya Adhabu inaukataza. Simu za kisasa zimebadilisha sura ya mchezo huo, lakini fedha zinazunguka kwa njia ileile.

Naomba usimwone jirani yako kuwa tapeli. Huenda ametia akiba yake humo na anaamini kwa dhati kwamba anakusaidia, hasa kama ameshalipwa mara moja au mbili. Mweleze kwa upole ulichokisoma hapa, na kama bado anaweza kutoa fedha zake, mshauri azitoe leo badala ya kungoja daraja linalofuata. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, namba iliyoutuma unaweza kuiripoti bure kwenda 15040. Piga pia *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Eldoret. Binamu yangu anayeishi Minnesota hukusanya pointi katika Swagbucks kwa kujibu maswali na kununua vitu mtandaoni. Nikijaribu kujiandikisha nakataliwa. Rafiki amenishauri nitumie VPN ili nionekane niko Marekani. Nifanye hivyo?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Usifanye hivyo, ndugu yangu. Swagbucks hufunguliwa katika nchi chache tu, kwa kuwa watangazaji wake wanatafuta wanunuzi wa nchi hizo. Binamu yako akifikisha pointi 100 hupata thamani ya takriban dola 1, na hiyo ni baada ya muda mrefu wa kujibu maswali. Wewe ukijifanya Mmarekani unaweza kuachwa ukusanye pointi kwa wiki kadhaa, kisha akaunti ikafungwa wakati wa kudai malipo, kwani hapo ndipo ukaguzi huwa mkali. Hutakuwa na pa kulalamika, maana masharti uliyavunja mwenyewe.

Anza na kilicho chako tayari. Kama laini yako ni ya Safaricom na umejiunga na Bonga, matumizi yako yanakupa pointi unazoweza kubadilisha kwa dakika au data, na wengi huzisahau kabisa. Ukitaka kazi yenyewe, tazama mafunzo ya Ajira Digital, mpango ambao serikali ya Kenya iliuanzisha mwaka 2016, ambamo vijana hufundishwa kunukuu sauti na kazi nyingine zinazolipwa kwa ujuzi.

Hata huko usiache fedha zilale katika akaunti. Mwezi Machi 2024, Remotasks, iliyokuwa ikiwapa Wakenya wengi kazi ya kuweka alama kwenye picha na data za kufundishia akili bandia, ilifunga shughuli zake nchini kwa ghafla. Kila ukifikia kiwango cha chini cha kutoa, hamishia M-Pesa. Na kila mwisho wa wiki toa gharama ya bando na makato, kisha gawanya kinachobaki kwa saa ulizotumia. Ikiwa saa moja inakupa chini ya unachoweza kupata kwa kumfundisha mtoto wa jirani hesabu, mfundishe mtoto huyo.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 15 anataka kitambulisho changu cha NIDA na picha ya uso wangu ili ajiandikishe katika programu inayolipa kwa kucheza michezo. Nimpe?
Mzazi, Tanga

JIBU: Usimpe, mzazi mwenzangu. Programu ya zawadi ndogo ndogo haihitaji zaidi ya namba ya simu au barua pepe, na inayodai kitambulisho pamoja na picha ya uso inaweza kuvitumia kuombea mikopo kwa jina lako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa madhumuni gani. Kama tayari amekwisha kuvituma, futeni akaunti hiyo na mbadilishe namba ya siri ya mtandao wa fedha mnaoutumia.