Kabla ya kugusa seva, soma cheti

Ukianza kazi ya kutunza seva, hazitapita siku nyingi kabla hujaletewa faili lililojaa herufi zisizosomeka, juu limeandikwa -----BEGIN CERTIFICATE-----, yaani cheti kinachothibitisha utambulisho wa tovuti, halafu uulizwe kwa nini tovuti imegoma. Wengi wanaoanza nimewaona wakilifunga upesi na kukimbilia mipangilio ya seva. Nakusihi, lisome kwanza. Mara nyingi jibu limo humo humo.

Ondoa hofu: hakuna kilichofichwa. Baiti zimesimbwa tu kwa Base64, yaani zimeandikwa kwa herufi za kawaida ili zipite bila kuharibika kwenye barua pepe na mafaili ya maandishi. Huhitaji nywila kuzirudisha. Cheti ni waraka wa hadharani. Seva humwonyesha kila anayebisha hodi. Hebu tazama mstari wa pili wa faili lako. Karibu kila cheti huanza na MII, na ina sababu. Baiti ya kwanza, ikiandikwa kwa heksadesimali, ni 30, maana yake hapa unaanza mfuatano wa vitu. Ya pili ni 82, maana yake urefu wa mfuatano huo umeandikwa kwenye baiti mbili zinazofuata. Zisimbe kwa Base64 utapata MII. Siku nilipoelewa hilo, cheti kiliacha kuwa fumbo kwangu.

Amri ya kukisoma, kwa chombo kiitwacho OpenSSL, ni hii:

openssl x509 -in cheti.pem -noout -text

Usipoweka -noout, utarudishiwa na zile herufi ulizotaka kuzikimbia. Amri ikilalamika kwamba haioni mstari wa mwanzo, huenda faili ni la DER, yaani baiti zenyewe bila kusimbwa. Ongeza -inform der. Tangu OpenSSL 3.0 chombo hiki hutambua chenyewe, lakini seva za zamani bado zipo nyingi. Na usiamini jina la faili: .crt na .cer huweza kuwa aina yoyote kati ya hizo mbili.

Matokeo ni marefu, wala huhitaji kuyasoma yote. Ule ukuta wa tarakimu za ufunguo wa umma na sahihi, upite. Simama kwenye Validity uone tarehe, ukikumbuka kwamba saa zake ni za GMT. Simama kwenye Issuer ujue nani amekitoa. Kisha simama zaidi kwenye Subject Alternative Name, maana hapo ndipo vivinjari huangalia jina la tovuti. Chrome iliacha kutazama Common Name, yaani jina lililo ndani ya Subject (sehemu inayomtaja mwenye cheti), mwaka 2017, kwa hiyo jina likiwa sahihi kwenye Subject pekee, cheti kitakataliwa. Tena *.example.com haimaanishi example.com yenyewe, wala a.b.example.com. Kosa hili nimelikuta kwa watu wazoefu kabisa.

Sasa jambo lililonigharimu usiku mzima. Tovuti ilifunguka vizuri kwenye vivinjari, lakini programu ya mteja mmoja ilikataa kuunganisha. Nilisoma cheti mara tatu: tarehe safi, majina safi. Sikujua kwamba openssl x509 husoma cheti cha kwanza tu kwenye faili, hata vikiwamo vitatu. Vyeti hivyo ni mnyororo: cha kwanza ni cha tovuti, na kinachofuata, cheti cha kati, ni cha aliyekitoa cha kwanza. Ili kuviona vyote:

openssl storeutl -noout -text -certs mnyororo.pem

Nilipoitumia, niliweka mistari miwili sambamba: Issuer ya cheti cha kwanza na Subject ya cha pili. Zilipaswa kufanana herufi kwa herufi. Zilitofautiana tarakimu moja, ya mwisho. Tulikuwa tumehuisha cheti chetu na kuacha cheti cha kati cha zamani chini yake. Vivinjari huweza kuwa na cheti cha kati tayari au kukitafuta vyenyewe. Ile programu haikufanya hivyo, na ilikuwa na haki ya kukataa. Tangu hapo sisemi "cheti ni kizima" kabla sijakagua mnyororo, kiungo kwa kiungo.

Kuna tofauti nyingine ya kuzingatia: faili lililo kwenye diski si lazima liwe ndilo seva inalotoa. Seva nyingi hubaki na cheti cha zamani kwenye kumbukumbu mpaka ziambiwe zipakie upya. Kwa hiyo iulize seva yenyewe:

openssl s_client -connect example.com:443 -servername example.com </dev/null | openssl x509 -noout -subject -dates

Hiyo -servername usiiache. Anwani moja huweza kubeba tovuti nyingi, na bila kutaja jina unaweza kupewa cheti cha jirani.

Kuhusu tovuti zinazokusomea cheti ukikibandika: kwa cheti chenyewe hakuna siri inayovuja. Hatari ni mkono kuteleza. Ufunguo wa siri, yaani jozi ya ule wa umma ulio ndani ya cheti, nao mara nyingi huanza na MII, na watu huuhifadhi kwenye folda hiyo hiyo, wakati mwingine faili hilo hilo. Ukishabandika ufunguo mahali pasipo pako, uhesabu umeibwa: ubatilishe na utengeneze mpya. Ndiyo maana napenda mtu azoee amri tangu siku ya kwanza. Ukitaka kujua kama ufunguo na cheti ni jozi, linganisha matokeo ya openssl x509 -in cheti.pem -noout -pubkey na ya openssl pkey -in ufunguo.pem -pubout. Yakifanana, ni jozi.

Kwa tarehe za mwisho, usitegemee macho. Amri openssl x509 -in cheti.pem -noout -checkend 1209600 hukuambia kama cheti kitaisha ndani ya siku 14, nayo hurudisha 0 kikiwa salama na 1 kisipokuwa, kwa hiyo skripti inaweza kuiendesha kila asubuhi. Ipange mapema, kwa sababu kuanzia Machi 2029 cheti cha tovuti kinachotolewa kwa umma hakitaruhusiwa kuzidi siku 47.