Maswali ya Wasomaji: Kujaza Meli Mafuta Gatini

Gatini kwetu tumefunga vali zinazojifunga zenyewe kwenye bomba la dizeli la inchi 4, urefu wake mita 300. Tukibonyeza kitufe cha dharura bomba linagonga kwa kishindo, na gasketi imeshapasuka mara mbili. Mkandarasi anashauri vali iongezewe kasi. Tukubali? (Msomaji, Tanga)

Msikubali. Kasi ndiyo inayopasua gasketi. Tuseme mnasukuma mita za ujazo 100 kwa saa: dizeli hiyo ndani ya bomba la inchi 4 hukimbia karibu mita 3.5 kwa sekunde. Ikikatiwa njia ghafla, presha hupanda kwa kadiri ya uzito wa mafuta (kilo 850 kwa mita ya ujazo) mara kasi ya wimbi ndani ya bomba (takriban mita 1,000 kwa sekunde) mara hiyo 3.5. Hesabu hiyo inatoa kama baa 30, tena juu ya presha ya pampu. Mpira wa kupitishia mafuta hadi melini uliopigwa chapa ya baa 10 haujatengenezwa kubeba mzigo huo.

Kwa bomba lenu wimbi huenda na kurudi kwa sekunde 0.6. Vali inayofunga ndani ya muda huo inaleta kishindo chote. Hata sekunde 2 au 3 hazitoshi, kwa kuwa vali ya tufe hukata sehemu kubwa ya mafuta mwishoni kabisa mwa mzunguko wake.

Kitufe kizime pampu kwanza, ndipo vali ifunge polepole. Anzeni na sekunde 15, mkirekebisha kwa skrubu inayobana hewa inayotoka kwenye kiendeshi cha vali, na mmoja wenu akae na saa mbele ya geji. Katika sekunde hizo, kwa lita 28 kila sekunde, zinaweza kupita hadi lita 420. Nafasi hiyo ibaki wazi kwenye tangi la meli muda wote. Mwambieni pia mhandisi wa meli asifunge vali yake pampu ikiwa inasukuma. Aombe kusimamishiwa kwanza. Na msiishie kubadilisha gasketi: presha iliyoipasua imepita kwenye mpira pia, hivyo upimwe kabla ya kurudi kazini.

Tuna sensa za rada, mita na kompyuta inayosimamisha pampu yenyewe. Mbona mafuta yalimwagika kwenye sitaha ya meli? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu sensa zenu zinaangalia tangi lenu. Mita husimamisha pampu kiasi kilichoagizwa kikitimia, lakini vali ya tangi ikifunguliwa kimakosa melini, lita zilezile zinaingia tangi lililokwisha kujaa na kutokea kwenye bomba la hewa. Kompyuta ya nchi kavu haina namna ya kujua.

Pengo hilo huzibwa na boksi la vitufe lenye waya mrefu, ambalo meli hukabidhiwa kabla ya pampu kuwashwa. Kitufe kimoja kinasimamisha. Cha pili kinabonyezwa kila baada ya dakika chache kuonyesha kwamba mtu yuko macho. Asipobonyeza, pampu inazimika. Saketi yake iwe na umeme mambo yakiwa salama, ili waya ukikatika au plagi ikichomoka, pampu isimame.

Kagueni pia sensa zenu zinazotuma kipimo cha tangi kwa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Miliampia 4 maana yake tangi tupu. Waya ukikatika inasomeka sifuri, na programu iliyopangwa vibaya itaamini tangi ni tupu na kuendelea kujaza. Chochote chini ya 3.6 kihesabiwe ni hitilafu na kisimamishe kazi. Fungueni pia boksi la nyaya: mara nyingine mtu ameunga kipande cha waya kwenye terminali ili kengele inyamaze, na hapo ulinzi wote umekufa. Mkipima, inueni boya lenyewe la kengele ya tangi kujaa mpaka pampu isimame kweli. Kitufe cha majaribio kwenye paneli mara nyingi hupima taa na kengele tu.

Kila bamvua kiungo cha kujiachia cha mpira wa mafuta kinaachia. Tutumie boliti ngumu zaidi? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Boliti zake zimetengenezwa kukatika kwa mvuto maalumu. Mkiweka za kawaida, kitakachong'oka ni mpira au bomba la meli. Bamvua huku kwetu hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3, kwa hiyo ongezeni urefu wa mpira na muwe na mtu wa kurekebisha kamba za meli kadiri maji yanavyokwenda.

Je, tuunge waya wa ardhi kati ya gati na meli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Msiunge. Meli na gati huwa na umeme usiolingana, hasa penye kinga ya kutu ya umeme, na waya huo unaweza kutoa cheche unapogusishwa au kutolewa. Tumieni flanji ya kuhami (kiungo cha bomba kinachozuia umeme kupita) kwenye mstari wa mpira, moja tu kwa kila mstari, isiyopungua omu 1,000 ikipimwa mahali pake. Chuma cha upande wa gati kiunganishwe na ardhi ya gati, cha upande wa meli na meli. Mkijaza kwa lori, lori liungwe na ardhi ya gati. Tena msipake flanji hiyo rangi yenye chuma wala kuiacha ilale juu ya sitaha, maana umeme utapata njia ya kuizunguka.